Tuliimba Stesheni

Siku ya kwanza: Tukuyu mpaka Mbeya

Baba yangu alipanda treni kwa mara ya kwanza maishani siku aliyokwenda vitani, Vita vya Kagera. Alikuwa na miaka 22, mgambo wa kijijini Rungwe. Reli ya Tazara yenyewe ilikuwa ngeni, haijatimiza hata miaka mitatu tangu ikabidhiwe rasmi mwaka 1976.

Hayo nayajua tangu utotoni. Nisichokijua ni hali waliyokuwa nayo mle ndani ya mabehewa. Kila nilipomuuliza alinijibu neno moja: "Tuliimba." Kwenye televisheni pia, ikifika Julai 25, Siku ya Mashujaa, wazee wenzake wakihojiwa husema morali ilikuwa juu. Siwabishii. Ila mimi nimekua nikilala chumba cha pili na Baba, nimemsikia akiweweseka usiku, na nilijua kati ya "tuliimba" na zile kelele za usiku kuna jambo halijasemwa.

Mwezi uliopita akanianza mwenyewe. "Mama, nataka nipite tena kwenye mahandaki." Ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Kwa Baba neno handaki limebeba mambo mawili: yale waliyochimba kwa sululu na koleo kule Uganda, na yale ambayo treni inayapita milimani kati ya Makambako na Mlimba. Nikamuuliza yapi. Akasema ya treni. Yale mengine ameyaona ya kutosha.

Basi leo asubuhi tumetoka. Coaster imejaa, ndoo za maparachichi zimepangwa katikati, mikungu ya ndizi juu ya keria. Ukungu wa Juni ulikuwa mzito kiasi kwamba Kiwira tumeipita bila kuiona. Tulipoanza kupandisha kuelekea Isyonje, Baba akaanza kusema bila kuulizwa.

Alianza na redio. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Iddi Amin yaliingia Kagera, na Novemba 2 Mwalimu akahutubia taifa. Kijijini kwao redio nzuri ilikuwa kwa balozi wa nyumba kumi. Watu walijaa uani mpaka kwenye migomba, wakasikia yale maneno matatu ambayo mpaka leo mtoto wa shule anayajua: uwezo, sababu, nia. "Tulishangilia," Baba akasema. "Halafu nikamuuliza jirani yangu, hivi Kagera iko upande gani? Na yeye hajui." Kutoka Rungwe mpaka Kagera unaikata nchi nzima, kona hadi kona. Walikuwa wanashangilia kwenda mahali ambapo hawakuwahi kumjua hata mtu mmoja wa huko.

Yakafuata mafunzo ya mgambo, bunduki za mbao, kukimbia alfajiri. Siku moja majina yakasomwa. Bibi yangu hakusema kitu. Alipika mbalaga, ndizi kwa nyama, sufuria kubwa ya sikukuu, akakaa mlangoni kumtazama mwanawe anavyokula. Baba anasema alikula mpaka tumbo likauma, kwa sababu aliona akibakiza, mama yake atajua kwamba anaogopa.

Tumelala Mbeya mjini, karibu na Soko Matola. Baridi kali. Baba amelala na koti.

Siku ya pili: Mbeya mpaka Makambako

Stesheni ya Tazara iko nje ya mji, pembeni mwa barabara ya Tunduma, na ukiingia kwenye lile jumba unahisi umekuwa mdogo. Dari iko juu sana, madirisha marefu, sakafu inarudisha sauti. Baba alisimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi. Nilidhani anaangalia ratiba ukutani. Alikuwa anatafuta mahali alipokuwa amesimama.

"Hapa ndipo buti zilipogawiwa," akasema.

Mguu wake ni namba saba. Akapewa buti namba kumi. Hakukuwa na muda wa kubadilishana, filimbi imeshapigwa, akachana gazeti la Uhuru akajaza mbele kwenye vidole. Anakumbuka kwamba karatasi ililowa jasho kabla ya kufika Chimala, na kila alipokanyaga ilisikika kama mtu anatafuna. Nikimwuliza habari za vita, anarudi kwenye zile buti. Zamani nilidhani ananikwepa. Leo nimeona kwamba siku ile, kwa saa kadhaa, buti ndizo zilizokuwa vita yake: atakimbiaje? Wenzake wakimwona anachechemea watasemaje?

Nje kwenye jukwaa, anasema, palikuwa kama harusi na kama msiba kwa wakati mmoja. Ngoma, vijana wa chama, wanafunzi, vigelegele. Na chini ya vigelegele, ukitega sikio, kina mama wanaita majina. Kila mmoja anaita la wake. "Mimi sikuitwa," akasema. "Mama hakuwa na nauli ya kuja mjini. Nikamshukuru Mungu kwa hilo, na papo hapo nikaumia kwa hilo."

Treni yetu ilitoka mchana. Tumekata daraja la pili la kukaa, dirisha la kulia. Njia inapandisha kwanza kuelekea Uyole, ambako reli hii inafikia kimo chake cha juu kuliko pengine popote, karibu mita 1,800 juu ya bahari, halafu inateremka kuingia bonde la Usangu. Inyala, Mswiswi, Igurusi, Chimala, Rujewa. Mashamba ya mpunga yameshavunwa, yamebaki mabua na ng'ombe. Upande wa kulia milima ya Kipengere imesimama muda wote kama ukuta.

Katikati ya Igurusi na Chimala ndipo Baba aliponipa jibu ambalo sikuwahi kupewa.

"Tuliimba stesheni," akasema. "Stesheni tu. Treni ikianza kupunguza mwendo, mtu mmoja anaanzisha, behewa zima tunaitikia, tunatoa vichwa na mikono nje. Watu wanatupa mahindi ya kuchoma, ndizi, miwa. Treni ikiondoka tunaimba mpaka yule mtu wa mwisho kwenye jukwaa apotee. Halafu kimya. Kila mtu na dirisha lake."

Nikamuuliza walikuwa wanawaza nini kwenye kile kimya. Akafikiri kitambo. Wengine waliomba. Mmoja alihesabu nguzo za simu kwa sauti ya chini, akifika mia anaanza tena. Mwingine, mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, alikuwa na barua ambayo alikuwa ameiandika akashindwa kuiposti, anaifungua, anaikunja. Hakuna aliyetaja kufa. Waliongelea mambo madogo: nani ana kiberiti, Dar es Salaam kuna joto kiasi gani, kama kweli ziwa la Mwanza huwezi kuona ng'ambo. Walijua watashushwa Dar es Salaam na kupandishwa treni nyingine, maana Reli ya Kati ina upana wa mita moja na ya Tazara ni milimita 1,067, behewa la huku haliwezi kuingia kule. Likawa gumzo la saa nzima. Vijana wanaokwenda vitani, wanabishana juu ya milimita 67.

"Na wewe, Baba?"

Akageukia dirishani. "Mimi nilikuwa nafurahi."

Sikumwelewa.

"Nilikuwa nafurahia treni, mama. Sijawahi kuona nchi inakimbia namna ile. Nilikuwa nataka isifike. Halafu nakumbuka tunakokwenda, najionea aibu, naacha kuangalia nje. Baada ya muda naangalia tena."

Nilimshika mkono, na hatukusema kitu mpaka Rujewa. Miaka arobaini na zaidi mtu anabeba aibu ya kufurahia dirisha. Ningependa mtu angemwambia mapema kwamba kijana wa miaka 22 ana haki ya kufurahia treni hata ikiwa inampeleka wapi. Mimi nimemwambia leo, nimechelewa.

"Na kwenye mahandaki?" nikauliza.

"Kule hakuna aliyeimba," akajibu haraka, akafunga jicho.

Tumeshuka Makambako giza limeingia. Upepo wa Makambako anayeujua anaujua.

Siku ya tatu: kijijini, njia ya Njombe

Hapa Makambako ndipo walipopanda Wabena. Mmoja wao alikaa karibu na Baba. Alikuwa amebeba kibuyu kidogo cha mtogwa, ulanzi mbichi mtamu ambao haujakolea, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza na mianzi imeshagemwa. Akanywa funda moja, akampa Baba bila kumuuliza jina. Baba alikuwa hajawahi kuonja ulanzi. Kuanzia hapo yeye aliitwa Mnyakyusa na mwenzake akaitwa Mbena, na hivyo ndivyo walivyoitana mpaka mwisho.

Mwisho wenyewe ulikuja haraka. Usiku wa kuamkia Machi 11, 1979, Lukaya, kwenye barabara inayokata kinamasi kati ya Masaka na Kampala. Walikuwa wengi mgambo. Roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin zikaanza kupita juu ya vichwa vyao. Nyingi ziliangukia nyuma, lakini mlio peke yake ulitosha. Wakatawanyika gizani. Mbena hakuonekana tena akiwa hai. Kampala ikaanguka Aprili 11, mwezi mmoja kamili baadaye. Mbena yuko Kaboya, Muleba, pamoja na mashujaa wengine zaidi ya 600.

Baba alikuja hapa kwao mara moja, mwaka 1980, kusalimia. Hakurudi tena. Safari hii tulimpata mdogo wake wa kike kupitia simu ya mjukuu wake, na leo asubuhi bajaji imetuteremsha mlangoni pake, nyumba ya matofali ya kuchoma, nyuma yake mianzi.

"Kamwene," Baba akasema.

"Kamwene, kaka." Akamtazama muda mrefu. "Umezeeka. Yeye hajazeeka."

Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia na kunivuta nikae naye jikoni karibu na moto. Ulanzi, akasema, umeisha mwezi uliopita, ningewapa nini? Akatupa makande na viazi vya kuchemsha, na chai ya maziwa.

Alikuwa darasa la nne wakati ule. Shule nzima ilitembezwa mpaka stesheni kuimba. Mwalimu aliwaambia atakayelia atachapwa. Basi wakaimba, na yeye akamwona kaka yake anapita mstarini na kibuyu, akapunga mkono, na kaka yake akatazama pembeni. "Nilimchukia," akasema. "Mpaka nilipozaa mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba angenitazama angeshindwa kupanda."

Mama yao alishika kile chuma cha kupandia mlangoni. Treni ikaanza kutembea, naye akatembea nayo. Askari mmoja, kijana mpole, akashuka hatua moja, akaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja, huku anamwambia, "Tutarudi, mama, tutarudi." Yule bibi alikufa mwaka 1991, na kila alipokuwa na homa alikuwa anakunja ngumi ya mkono wa kulia.

Nilitazama moto. Baba alitazama mikono yake.

Halafu dada akauliza swali ambalo naamini lilikuwa limemngoja Baba tangu 1980. Hakuuliza kaka yake alikufaje. Aliuliza: "Kwenye treni, alikuwa na hali gani? Aliimba?"

"Aliimba sana, dada," Baba akasema. "Aliimba kuliko wote."

Dada akatingisha kichwa, akainuka kuongeza kuni. Mimi nilimwona Baba usoni. Nilijua ameficha kitu, na nilijua pia kwamba hakudanganya. Sikujua inawezekanaje.

Siku ya nne na ya tano: kungoja

Treni ya kwenda Mlimba bado. Baba ametembea mpaka stesheni mara tatu, kuhakikisha. Nimemnunulia sweta la mtumba sokoni, la kijivu, linamfika mapajani. Kuna mtu alimwuliza kama anakwenda kuwaona watoto, akajibu, "Nakwenda kuona milima." Mengine hayana habari.

Siku ya sita: Makambako mpaka Mlimba, usiku

Treni imeingia jioni, na behewa letu lilikuwa limejaa vijana waliomaliza kidato cha sita, wanaokwenda jeshini kwa mujibu wa sheria, kambi ya Ruvu. Matranka, ndoo, fulana za kijani, raba mpya. Hawaendi vitani, ni mafunzo tu, miezi michache wanarudi. Lakini treni ilipoanza kuondoka walikuwa wote dirishani wanaimba na kupunga mikono kwa watu wasiowajua. Baba aliacha kula. Mdomo umefunguka kidogo, anawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu.

Taa za Makambako zilipopotea, wimbo ukapungua, ukakatika. Kila mmoja akatoa simu yake. Mtandao ukaisha, simu zikazimwa, wakabaki wanatazama vioo vyeusi.

"Umeona?" Baba akaniambia.

Msichana mmoja aliyekaa mkabala nasi alikuwa na raba ambazo hazimtoshi, alikanyaga visigino. Baba akamuuliza, "Mjukuu wangu, zinabana?" Akasema zinabana, babu, mama alikosea namba. Baba akamweleza namna ya kulowesha raba kwa maji ya moto na kuvaa na soksi nzito mpaka zikauke mguuni. Aliongea naye juu ya viatu karibu nusu saa. Sijawahi kumwona Baba akiongea na mgeni nusu saa.

Kutoka Makambako reli inateremka ukuta wa nyanda za juu kuelekea bonde la Kilombero, na hapo ndipo wajenzi, Wachina na Watanzania, walipopata taabu kuliko sehemu zote. Madaraja marefu juu ya makorongo, mahandaki yanafuatana. Handaki la kwanza linakuja ghafla: mlio wa magurudumu unabadilika, unakuwa ndani ya sikio, na moshi wa dizeli unaingia madirishani. Vijana wakapiga kelele za kufurahi. La pili wakapiga tena. La tatu hawakupiga.

Taa ya behewa letu ilikuwa inawaka na kuzima. Tulipoingia handaki moja refu ikazima, na kukawa giza la namna ile ambayo hujui kama umefumba macho au umefumbua. Baba akanishika mkono wa sweta.

"Nilikuambia hakuna aliyeimba humu," akasema sikioni mwangu.

"Ndiyo, Baba."

"Aliimba mmoja."

Nikangoja.

"Mimi nilikuwa nalia. Giza liliponifunika nikaona basi, hakuna atakayeniona, nikaachia. Lakini kilio kina sauti, sikuweza kukizuia. Mbena alikuwa ameniegemea, akanisikia. Hakuniuliza. Akaanza kuimba, peke yake, kwa sauti kubwa, wimbo wa kwao wa mavuno, ili wengine wasinisikie. Watu wakamwambia anyamaze. Akaendelea. Handaki likiisha ananyamaza, tukiingia jingine anaanza tena. Mpaka Mlimba. Asubuhi sauti ilikuwa imemkauka, wenzake wakamcheka kwamba ulanzi umemlewesha. Na mimi nikacheka pamoja nao."

Treni ikatoka kwenye handaki. Kulikuwa na mwezi, na chini kabisa, mbali, maji yanang'aa. Yule msichana wa raba alikuwa amelala, kichwa kimeangukia bega la mwenzake. Baba akatoa sweta lake la kijivu, akamfunika magoti.

Hatukuzungumza tena. Nilihesabu mahandaki mpaka nikapotelewa.

Siku ya saba: Mlimba

Tulishuka usiku mkubwa. Huku joto, mbu, harufu ya mpunga na matope. Vijana waliamka treni ilipoingia stesheni, wakaanza kuimba, na Baba alisimama kwenye jukwaa akawapungia mpaka behewa la mwisho.

Tumelala nyumba ya wageni iliyo karibu na reli. Alfajiri nimeamka nikamkuta ameshakaa nje kwenye benchi, amenyoa, ameshika simu yangu.

"Nitafutie namba ya dada."

Nikampigia, nikampa. Ililia mara nyingi. Halafu nikasikia sauti ya kule juu Makambako, na kuku nyuma yake.

"Kamwene, dada," Baba akasema. "Tumefika salama. Kaa chini kwanza. Ule wimbo, kuna namna sikukueleza."